Mgonjwa Mmoja, Mifuko Minne: Tatizo la Kuratibu Matunzo ya Muda Mrefu Nyumbani

Mtu akivunjika mguu hupelekwa hospitali, mfupa huungwa, na baada ya majuma kadhaa hurudi kazini. Ugonjwa wa namna hiyo una mwanzo na mwisho, na mwenye dhamana yake anajulikana. Lakini ziko hali za mwili zisizo na mwisho wa namna hiyo. Mzee aliyepatwa na kiharusi akapooza upande mmoja, bibi aliyeanza kupoteza kumbukumbu, kijana aliyeumia uti wa mgongo: hawa wote huhitaji msaada kila siku, pengine kwa miaka mingi. Huhitaji kuogeshwa, kulishwa, kugeuzwa kitandani, kunyoshwa viungo na kukumbushwa dawa. Msaada huo ndio uitwao matunzo ya muda mrefu, na aghalabu hutolewa nyumbani, si hospitali.

Serikali inapoamua kuyagharimia matunzo haya kwa fedha za umma, hukutana na tatizo ambalo wengi hawalitazamii. Si upungufu wa fedha, ijapokuwa fedha ni haba kila mahali. Wala si ukosefu wa huruma. Ni tatizo la uratibu, yaani jinsi ya kuunganisha kazi za watu wengi, wanaolipwa na mifuko mbalimbali, ziwe kazi moja kwa ajili ya mtu mmoja. Makala haya yanakusudia kulieleza tatizo hilo. Tutaanza na Uingereza, ambako limejulikana kwa zaidi ya miaka 70. Tutatazama jibu lililotolewa na Japani. Kisha tutarudi hapa kwetu Tanzania, ambako mipango ya matunzo ingali michanga na kwa hiyo yaweza kurekebishwa kabla haijakomaa katika makosa.

Hesabu ya Mawasiliano

Tuchukue mfano wa mzee aliyepooza, anayeishi kijijini na binti yake. Tukihesabu wanaohusika na matunzo yake tutapata angalau watu saba: binti mwenyewe, muuguzi wa zahanati, daktari wa hospitali ya wilaya, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mhudumu wa afya wa kijiji, afisa wa ustawi wa jamii, na afisa anayeshughulikia ruzuku za kaya maskini. Ili kazi iende sawa, kila mmoja hana budi kujua wenzake wanafanya nini.

Je, njia za mawasiliano baina yao ni ngapi? Kanuni yake ni nyepesi: zidisha idadi ya watu kwa idadi hiyo hiyo iliyopunguzwa moja, kisha gawanya kwa mbili. Kwa watu 7, ni 7 mara 6, gawanya kwa 2, yaani njia 21. Kwa watu 10, njia ni 45. Kila njia ni mahali ambapo habari yaweza kupotea: barua isiyofika, simu isiyopokewa, au mtu anayedhani kwamba mwenzake amekwisha kufanya. Lakini mmoja wao akifanywa mratibu, na wengine wote wakapeleka habari kwake na kuzipata kwake, njia zinazohitajika ni 6 badala ya 21, na kwa watu 10 ni 9 badala ya 45. Hesabu hii haisemi kwamba watumishi ni wavivu. Inasema kwamba hata wakiwa hodari wote, nia njema peke yake haitoshi idadi yao inapoongezeka.

Tena, kuchelewa katika jambo hili si kuchelewa kwa makaratasi tu. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2007 ulichunguza watu wazima wenye umri mkubwa, wazima wa afya, waliokubali kulala kitandani kwa siku 10. Katika muda huo mfupi walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Hao walikuwa wazima. Mgonjwa hali yake ni mbaya zaidi. Hali kadhalika, mtu asipogeuzwa, uzito wa mwili hubana ngozi baina ya mfupa na godoro, mishipa midogo ya damu huzibika, nyama hukosa oksijeni, na baada ya saa chache tu yaweza kuanza kufa. Hivyo ndivyo vidonda vya kitandani vinavyoanza. Siku ambazo barua inangoja sahihi ni siku ambazo mwili unapungua.

Mpaka Uliochorwa Mwaka 1948

Tarehe 5 Julai 1948 Uingereza ilianzisha huduma ya afya ya taifa. Tangu siku hiyo mwananchi hutibiwa bila kulipa anapougua. Siku hiyo hiyo ilianza kutumika sheria nyingine, iliyozipa serikali za mitaa jukumu la kuwatunza wazee na wasiojiweza, na kuziruhusu kuwatoza ada kwa kadiri ya uwezo wao. Kwa hiyo katika siku moja palichorwa mpaka: upande mmoja tiba, isiyolipiwa na mgonjwa, inayogharimiwa na serikali kuu, upande wa pili matunzo, yanayolipiwa kwa kupimwa mali, chini ya halmashauri.

Katika karatasi mpaka huo ulionekana wa maana. Nyumbani kwa mgonjwa haukuonekana kabisa. Mfano ulio mashuhuri ni ule wa kuoga. Je, kumwogesha mzee mwenye ngozi dhaifu ni tiba au ni matunzo? Likiwa ni tiba, ni kazi ya muuguzi na mzee halipi kitu. Likiwa ni matunzo, ni kazi ya mtumishi wa halmashauri, na mzee hana budi kupimwa mali yake kwanza. Maji ni yale yale, sabuni ni ile ile, lakini watu wazima wenye elimu walibishana kuhusu jambo hilo kwa miaka mingi. Mwaka 1999 mpaka huo ulifikishwa hadi Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bibi Pamela Coughlan, aliyekuwa na ulemavu mkubwa. Mahakama iliamua kwamba mahitaji yake ya uuguzi yalipita kiwango ambacho halmashauri ingeweza kutwishwa, na kwa hiyo gharama zilikuwa za huduma ya afya.

Mifuko ikitengana, kila mwenye mfuko hujifunza kuusogeza mzigo upande wa jirani. Katika miaka ya 1980 mfuko wa hifadhi ya jamii ulikuwa tayari kulipia makao ya wazee katika nyumba za watu binafsi, lakini haukulipia msaada wa nyumbani. Matokeo yake ni kwamba malipo hayo yalipanda kutoka kiasi cha paundi milioni 10 mwaka 1979 hadi kupita paundi bilioni 1 kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wazee ambao wangeweza kubaki nyumbani kwao walihamishwa, si kwa sababu walihitaji, bali kwa sababu huko ndiko fedha zilikokuwa.

Serikali iliona kasoro hiyo. Mwaka 1986 tume ya ukaguzi wa hesabu iliieleza wazi, na mwaka 1988 Sir Roy Griffiths alitoa ripoti iliyopendekeza kwamba serikali za mitaa ndizo zishike uongozi wa matunzo. Sheria ilipitishwa mwaka 1990 na kutumika kikamilifu kuanzia Aprili 1993. Halmashauri ziliwekwa waratibu, ambao kazi yao ilikuwa kumpima kila mhitaji na kumpangia huduma. Lilikuwa wazo jema. Lakini mratibu wa halmashauri alikuwa na sauti juu ya fedha za halmashauri tu. Hakuweza kumwagiza muuguzi wala daktari, kwa kuwa hao walilipwa na mfuko mwingine. Alikuwa nahodha wa nusu ya chombo.

Hatua nyingine zilifuata. Kuanzia Januari 2004 halmashauri iliyochelewesha mipango ya mgonjwa aliyekwisha kupona ilitakiwa kuilipa hospitali paundi 100 kwa kila siku. Hatua hiyo ilihimiza haraka. Lakini haraka ya kumtoa mtu hospitali si sawa na uangalifu wa kumpokea nyumbani, wala haikuufuta mpaka wenyewe. Katika majira ya baridi ya mwaka 2022 hadi 2023, zaidi ya wagonjwa 12,000 kwa siku walikuwa wamelala katika hospitali za Uingereza ilhali madaktari walikwisha kusema kwamba waweza kuondoka. Wengi walingoja mtu wa kuwatunza nyumbani au nafasi katika nyumba ya wazee.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuliona jambo hili kwa macho alipokuwa akisomea shahada ya uzamivu huko. Jirani yake, bibi aliyepita miaka 80, alikaa hospitali majuma matatu zaidi kwa kukosa fimbo ya chuma ya kujishikia chooni. Hospitali ilisema ni kazi ya halmashauri, halmashauri ikasema ni kazi ya mwenye nyumba. Gharama ya kitanda cha hospitali kwa siku moja ingetosha kununua fimbo hiyo na kumlipa fundi.

Jibu la Japani

Japani nayo ilianza kwa kosa. Mwaka 1973 ilifanya matibabu ya wazee wenye miaka 70 na zaidi kuwa bila malipo. Kwa kuwa matunzo ya nyumbani hayakuwa na mfuko wake, hospitali zilijaa wazee wasiohitaji daktari, bali waliohitaji mtu wa kuwasaidia kuoga na kula. Wajapani walikuwa na jina maalumu la hali hiyo, maana yake kulazwa kwa sababu za kijamii.

Mwaka 1997 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya bima ya matunzo, iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2000. Kila mkazi aliyefikia miaka 40 huchangia. Nusu ya fedha ni michango hiyo, na nusu ni kodi. Msimamizi wa bima ni serikali ya mji au wilaya. Mtu anayehitaji msaada hupimwa kwa maswali maalumu, majibu huingizwa katika kompyuta, kisha jopo la wataalamu huamua yumo katika daraja lipi kati ya madaraja 7. Kila daraja lina kikomo chake cha fedha kwa mwezi. Mtumiaji hulipa asilimia 10 ya gharama, na mwenye kipato kikubwa asilimia 20 au 30.

Lakini sehemu ya mpango huo inayotuhusu zaidi ni mratibu wa matunzo. Huyu ni mtu mwenye mafunzo, mtihani na mshahara. Huandika ratiba ya juma zima: nani aje Jumatatu kumwogesha mzee, siku gani aende kituo cha mchana, lini muuguzi apite. Humtembelea mzee nyumbani angalau mara moja kwa mwezi, na huwaita wahusika wote katika kikao kimoja. Mzee hatozwi chochote kwa kazi hiyo. Mwisho wa mwezi mratibu huandika hesabu ya huduma zilizotolewa, nayo hulinganishwa na madai ya malipo ya kila mtoa huduma. Huduma isiyo katika mpango wake hailipwi. Hapo ndipo ilipo tofauti na Uingereza ya mwaka 1993: mratibu wa Japani hahitaji kuwabembeleza watoa huduma, maana kalamu yake imefungwa na fedha zao.

Haifai kudhani kwamba Japani imemaliza kazi. Waratibu wengi wameajiriwa na kampuni zile zile zinazouza huduma, na hivyo hushawishika kuchagua huduma za mwajiri wao. Matibabu ya hospitali yako chini ya bima nyingine, kwa hiyo mshono baina ya tiba na matunzo umebaki, ijapokuwa ni mwembamba zaidi. Waliopimwa na kukubaliwa kupata huduma walizidi milioni 2 mwaka 2000, na sasa ni takriban milioni 7. Wastani wa mchango wa mwezi kwa wenye miaka 65 na zaidi ulipanda kutoka yeni 2,911 mwaka 2000 hadi yeni 6,225 mwaka 2024. Wafanyakazi nao hawatoshi. Pamoja na hayo, mzee wa Japani akiulizwa ni nani anayejua habari zake zote, anaweza kutaja jina la mtu.

Hali Yetu

Hapa Tanzania matunzo ya muda mrefu hutolewa na jamaa, na hasa wanawake. Hilo si jambo la kuonea haya. Ni nguvu yetu. Lakini serikali nayo imo tayari katika kazi hii, pengine kuliko tunavyotambua. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka msimamo kwamba wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Huko Zanzibar, kuanzia Aprili 2016, kila mkazi aliyefikia miaka 70 alianza kulipwa pensheni, iliyokuwa shilingi 20,000 kwa mwezi mwanzoni. Mfuko wa TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000, umezifikia kaya maskini kwa ruzuku. Na Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika muda wa miaka mitano, kwa mafunzo ya miezi sita.

Tatizo ni kwamba mambo haya yako katika mifuko mbalimbali. Miongozo ya tiba hutoka Wizara ya Afya. Zahanati na watumishi wake wako chini ya halmashauri, ambazo husimamiwa na TAMISEMI. Masuala ya wazee na ustawi wa jamii yalitenganishwa na afya Januari 2022 na kupewa wizara yake. Ruzuku ya kaya ina mfuko wake wa nne. Kila mgawanyo una sababu yake nzuri, kama ulivyokuwa na sababu mgawanyo wa Uingereza wa mwaka 1948. Lakini mipaka hiyo yote minne hukutana katika chumba kimoja, kando ya kitanda cha mgonjwa.

Mwandishi anaomba radhi kwa kutoa mfano wa nyumbani kwake. Mama yake mkubwa alipatwa na kiharusi akapooza upande wa kushoto. Hospitali ilimtibu vizuri, ikamruhusu na karatasi iliyosema afanye mazoezi ya viungo. Karatasi hiyo ilipelekwa zahanati. Muuguzi aliisoma kwa makini akasema, "Dada, sisi dawa za presha tunazo. Mazoezi na kiti si vyetu, nendeni ustawi." Afisa wa ustawi aliandika ombi la kiti cha magurudumu siku ile ile. Ombi lilihitaji barua ya daktari. Barua ikahitaji safari nyingine. Aliyekwenda ni binti yake, ambaye kila alipoondoka alimwacha mgonjwa bila mtu wa kumgeuza. Kiti kilifika baada ya miezi minne. Kilikuwa kizuri na kipya. Lakini magoti ya mama mkubwa yalikuwa yamekwisha kukaza, hakuweza kukikalia.

Katika kisa hiki hapana mtumishi hata mmoja aliyekataa kazi yake. Kila mmoja aliifanya, tena kwa adabu. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa manahodha hawakuwa wengi, hawakuwapo kabisa. Mabaharia wote walikuwa mahali pao, na chombo hakikuwa na mtu kwenye usukani.

Somo la Kifua Kikuu

Msomaji anaweza kusema kwamba mfano wa Japani ni wa nchi tajiri. Ni kweli. Lakini hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa uratibu wa matunzo. Mwaka 1977 nchi yetu ilianzisha Programu ya Taifa ya Kifua Kikuu na Ukoma, kwa kushirikiana na Dkt. Karel Styblo, bingwa wa maradhi hayo. Wakati ule matibabu ya kifua kikuu yalikuwa ya miezi mingi, mgonjwa akikaa mbali na hospitali, na wengi waliacha dawa njiani. Programu haikuanza kwa kujenga majengo mapya. Iliweka mratibu wa kifua kikuu na ukoma katika kila wilaya, mtu anayejulikana kwa jina. Iliweka daftari moja la wagonjwa wote wa wilaya. Iliamuru hesabu ifanywe kila baada ya miezi mitatu: wangapi walianza dawa, wangapi walipona, wangapi walipotea. Na ugavi wa dawa ulifuata hesabu hiyo. Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliupendekeza utaratibu uliojengwa juu ya kazi hiyo ya Tanzania utumike ulimwenguni kote.

Tofauti ipo, na haifai kuificha. Kifua kikuu kina dawa na kina siku ya kupona. Matunzo ya mtu aliyepooza hayana siku hiyo. Mahitaji yake hubadilika, na mara nyingi huongezeka. Kwa hiyo hatuwezi kuhesabu waliopona. Lakini mambo manne yaliyoifanikisha programu ile, yaani mtu mwenye jina, daftari moja, tarehe ya hesabu na mali inayofuata hesabu, hayategemei aina ya ugonjwa.

Nini Kifanyike

Kwanza, katika kila kata ateuliwe mratibu mmoja wa matunzo ya nyumbani, na jina lake liandikwe kwenye karatasi ya ruhusa kabla mgonjwa hajatoka hospitali. Kazi hiyo isirundikwe tu juu ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao tayari wana malaria, lishe na afya ya mama na mtoto, bila kuongezewa muda na malipo.

Pili, daftari la matunzo likae nyumbani kwa mgonjwa, na kila anayeingia aandike alichofanya. Akina mama wa nchi hii wametunza kadi za kliniki za watoto wao kwa miaka mingi na kwenda nazo kila kituo. Chombo hicho tunacho tayari. Tumekitumia kwa watoto tu.

Tatu, mratibu apewe mamlaka juu ya fedha, hata zikiwa kidogo: za kukodi gari, kununua godoro, au kumlipa jirani amshike mgonjwa siku ambayo binti anasafiri. Mratibu asiye na mfuko hubaki mwandishi wa barua, kama walivyogundua Waingereza.

Nne, kila wilaya ihesabu jambo moja na kulitangaza: ni siku ngapi zinapita tangu mgonjwa atoke hospitali hadi mtu wa kwanza afike nyumbani kwake. Hesabu hiyo haihitaji kompyuta. Inahitaji tarehe mbili na penseli.

Tukiendelea kulichukulia jambo la uratibu kama tabia njema ya watumishi, tutazidi kuongeza mifuko na watumishi, na njia za kupotelea habari zitazidi kuongezeka kwa kanuni ile tuliyoiona mwanzoni. Uratibu ni kazi kama uuguzi ulivyo kazi. Unahitaji mtu, mshahara na dhamana. Wahudumu wapya wa jamii wanaendelea kuandaliwa, na mipaka ya kazi zao bado ni laini. Huu ndio wakati wa kuamua ni nani atakayekuwa na habari zote za mgonjwa aliyelala nyumbani, kabla mipaka hiyo haijakaza kama yale magoti.